Barua ya wazi kwa viongozi wa Nairobi: njia ya baiskeli na chakula cha kando ya njia vipangwe pamoja

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa mawaziri wa kaunti wanaosimamia uchukuzi, afya na masoko,
Kwa Waheshimiwa wawakilishi wadi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA),

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu jambo ambalo limegawanywa katika ofisi tatu na kwa sababu hiyo halina mwenyewe. Idara ya afya hutuhimiza tufanye mazoezi na tule vizuri, idara ya uchukuzi hushughulika na barabara, nayo idara ya masoko na leseni huamua nani auze chakula gani na mahali gani. Mkazi anayeondoka Kayole au Umoja alfajiri kwenda kazini Industrial Area hukutana na idara zote tatu katika safari moja, na nathubutu kusema kwamba safari hiyo, ikirudiwa mwaka mzima, huamua afya yake kuliko ziara zake za zahanati. Ombi langu ni kwamba njia ya baiskeli na chakula kinachouzwa kando yake vipangwe kuwa mradi mmoja, wenye bajeti inayojulikana na afisa anayewajibika, badala ya kuachiwa idara ambazo mara nyingi mkono wa moja hubomoa kilichojengwa na mkono wa nyingine.

Hali yetu ya afya inajulikana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 94 ya watu wazima nchini hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiasi kinachopendekezwa, na kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na asizidishe gramu 5 za chumvi. Wengi tukisikia dakika 300 tunafikiria ukumbi wa mazoezi wenye ada ya kila mwezi, au mbio za alfajiri ambazo mtu anayetoka kazini saa moja usiku hana nguvu wala usalama wa kuzikimbia. Hata hivyo, nusu saa ya kuendesha baiskeli kwenda kazini na nusu saa ya kurudi, kwa siku tano za kazi, ni dakika 300 kamili. Wakati huo si wa ziada, kwa maana tayari tunautumia, na pengine zaidi, tukiwa tumeketi ndani ya matatu kwenye msongamano. Hilo ndilo linaloitofautisha baiskeli na kampeni zote za mazoezi ninazozijua: haimwombi mtu maskini wa muda atafute muda mwingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliowafuatilia zaidi ya watu 260,000 nchini Uingereza kwa takriban miaka mitano, ulionyesha kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 ikilinganishwa na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba baiskeli pekee ndiyo iliyoleta tofauti, na barabara za Uingereza si Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi. Nautaja kwa sababu unazungumzia jambo la kawaida kabisa, yaani kwenda kazini na kurudi, wala hauhusu mashindano wala watu wenye baiskeli za bei ya gari.

Lakini baiskeli peke yake haitoshi, na hapa ndipo wahamasishaji wengi, wakiwemo wenzangu tunaoipenda, husema nusu ya maneno. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina zaidi ya gramu 50 za sukari, kiasi ambacho kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku kinamaliza kiwango cha juu chote cha sukari ya kuongezwa kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Kalori za chupa hiyo zinakaribia zile ambazo mtu wa uzito wa kawaida huzitumia kwa nusu saa ya kuendesha baiskeli kwa mwendo wa wastani. Kwa hiyo anayefika kazini kwa baiskeli, akanywa soda na kula sahani ya chipsi saa nne kwa sababu njaa imembana na hakuna kingine langoni, amefaidi moyo na mapafu yake, lakini mkanda wake hautalegea na huenda sukari yake ya damu isishuke.

Jambo ninaloliona kwa wenzangu tunaokutana njiani ni kwamba anayeendesha baiskeli kwa mazoea, si mara moja kwa mwezi, huanza kubadilika mezani bila kuhubiriwa. Mandazi matatu yaliyojaa mafuta humlemea mtu anapopanda mwinuko, kwa hiyo yeye mwenyewe huanza kutafuta uji, nduma, viazi vitamu au yai la kuchemsha, na mchana hupendelea githeri au ndengu na mboga kuliko chakula cha kukaangwa kitakachomfanya asinzie wakati wa kurudi. Mwili unaofanya kazi hujua kuchagua, mradi kuna cha kuchagua. Wakati huu, katika malango mengi ya viwanda na stendi za matatu, chipsi, soseji na soda ziko karibu kila hatua kumi, ilhali mwenye kuuza tikiti maji lililokatwa, uji au mboga za kuchemsha hufukuzwa au hukosa maji safi ya kuoshea mikono na vyombo.

Naomba nikae kidogo kwa huyo muuzaji, hasa mama mboga, kwa maana mpango wowote wa baiskeli jijini utasimama au kuanguka kutegemea namna utakavyomtendea. Tunapojengewa njia ya baiskeli, kwa kawaida inakuwa nyembamba, imebanwa kati ya barabara ya magari na ukuta au mtaro, na katika muda mfupi meza za nyanya, sukuma wiki na vitunguu zinaifunika. Mwendesha baiskeli hukasirika na kushuka barabarani kati ya matatu na lori. Askari wa kaunti huja na gari, meza zinabebwa, na baada ya wiki mbili zinarudi kwa sababu wateja wako pale na hakuna mahali pengine palipotolewa. Kila mara magazeti huandika kwamba wachuuzi wamevamia njia. Mimi naona tofauti: njia ilichorwa na mtu ambaye hakujiuliza watu wanaotembea hununua wapi chakula chao cha jioni.

Mama mboga si adui wa njia ya baiskeli bali ni sababu mojawapo ya kuwa nayo. Yeye ndiye anayeleta managu, terere, kunde na sukuma hadi karibu na mlango, anayekatakata mboga mteja akisubiri ili anayefika nyumbani amechoka asiwe na kisingizio, na anayeuza kwa fungu dogo linaloendana na mfuko wa siku hiyo. Mteja wake bora ni anayetembea au anayeendesha baiskeli, kwa sababu huyo anaweza kusimama hatua moja kutoka mezani, akaweka mguu chini, akanunua na kuendelea. Mwenye gari hawezi kusimama pale. Barabara pana isiyo na nafasi ya kusimama humnyang'anya mama mboga wateja, na humpeleka mkazi kununua chakula kilichofungwa kwenye plastiki mwishoni mwa safari. Kwa hiyo ninapoomba upana wa kutosha, naomba upana wa vitu vitatu vilivyotenganishwa kwa ukingo unaoonekana: baiskeli, miguu na meza. Meza hizo ziwe na maji ya bomba, kivuli na mahali pa kutupia taka, na maafisa wa afya ya umma wafike kukagua na kushauri kabla ya kufika kunyang'anya. Ukaguzi huo uanzie kwenye chanzo pia, kwa kuwa sote tunajua kwamba baadhi ya mboga zinazoliwa jijini humwagiliwa kwa maji machafu ya mito yetu, na haitakuwa na maana kumhimiza mtu ale mboga zaidi bila kumhakikishia ni mboga gani.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Mwezi Machi 2015 kaunti hii ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara ingetengewa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ilikuwa ahadi nzuri, na katika jiji ambalo takriban asilimia 40 ya safari hufanywa kwa miguu, haikuwa hisani bali haki. Tangu hapo yapo yaliyojengwa: Ngong Road na Outer Ring Road zilipopanuliwa ziliwekewa njia kandokando, na katikati ya jiji vijia vya matofali vilitandazwa kati ya mwaka 2020 na 2022. Sitaki kuyadharau. Tatizo ni kwamba njia hizi hazishikani. Njia huanza vizuri, kisha hukatika kwenye mzunguko, penye kituo cha matatu, au kwenye daraja, na sehemu ambapo inakatika ndipo hasa mtu anapoihitaji, kwa sababu ndipo magari yanapokutana. Njia ya baiskeli inayoishia kwenye mzunguko ni daraja lisilofika ng'ambo, na hakuna mhandisi anayesifiwa kwa daraja la namna hiyo kwa sababu tu theluthi mbili zake ni imara. Nchini mwetu zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu. Mtu anayejua hilo hahitaji kuelezwa kwa nini jirani yake ameiacha baiskeli ikipata kutu kwenye baraza.

Wanaoiacha zaidi ni wanawake. Uchunguzi uleule wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 38 ya wanawake wazima walikuwa na uzito uliozidi kiwango au unene wa kupindukia, dhidi ya asilimia 17 hivi ya wanaume. Ukisimama Jogoo Road asubuhi utaona kwamba wanaoendesha baiskeli ni wanaume karibu wote. Wanawake hawakosi nia. Wanakosa njia yenye taa jioni, isiyopitia vichochoro, ambayo inaweza kupitika na mtoto amebebwa nyuma au mzigo wa soko mbele, na ambayo mtu hatapigiwa miluzi na kondakta kila hatua mia. Napendekeza kwamba kipimo cha kazi yenu kiwe hicho: ikiwa mama wa Buruburu hawezi kwenda Muthurwa kununua matunda na kurudi kabla ya giza bila hofu, njia haijakamilika, hata kama utepe ulikwishakatwa.

Naelewa kwamba kuna wanaosema Nairobi haifai kwa baiskeli. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, jua lake haliunguzi kama la Mombasa, na upande wote wa mashariki, ambako watu wengi wa kipato cha chini wanaishi, ardhi ni karibu tambarare. Masika na vuli vina mvua, lakini malalamiko ya wengi wetu si mvua inayotoka juu bali maji yanayobaki chini kwa sababu mitaro imeziba. Moshi wa dizeli ni tatizo la kweli zaidi, na ndiyo sababu mojawapo ya kutaka njia itenganishwe na barabara kwa miti au angalau kwa nafasi, badala ya mstari wa rangi ambao tairi la matatu huufuta ndani ya mwezi.

Wengine huonyesha msitu wa Karura na kusema kwamba jiji tayari lina mahali pa kuendeshea baiskeli. Karura ni fahari yetu, na tunaikumbuka vita ya Wangari Maathai, mwanamazingira aliyeupigania msitu huo usinyakuliwe, kila tunapopita chini ya miti ile. Lakini ina ada ya kuingia, iko kaskazini mwa jiji, na kwa mkazi wa Dandora ni matembezi ya sikukuu. Mazoea hayajengwi kwa sikukuu.

Kama mnataka kitu cha wikendi kitakachoamsha hamu, mfano uko karibu. Kigali ilianza siku zake za barabara zisizo na magari mwaka 2016, kwanza mara moja kwa mwezi kisha mara mbili, na wakazi wanaojitokeza hupimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo palepale barabarani. Bogotá nchini Kolombia imekuwa ikifunga barabara zake kwa magari kila Jumapili tangu miaka ya 1970, na leo ni zaidi ya kilomita 120. Sisi tulitangaziwa mwaka 2019 kwamba katikati ya jiji kungekuwa na siku mbili kwa wiki bila magari, kisha mpango ukaahirishwa kabla haujaanza. Sidhani ulifaa kuanzishwa kwa namna ile, ghafla na siku za kazi, lakini Jumapili moja kwa mwezi kwenye Jogoo Road, na wahudumu wa afya wa kaunti wakiwa na mashine zao za kupimia, haitamzuia mtu yeyote kwenda kazini na itawafikia watu ambao hawajawahi kupimwa.

Mamlaka ya kufanya haya mnayo. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, afya ya msingi, leseni za wauza chakula, masoko, bustani na mipango ya ujenzi. Mambo yote niliyoyataja yamo humo, isipokuwa barabara kubwa zilizo chini ya KURA na mamlaka ya barabara kuu, na ndiyo maana barua hii imeelekezwa huko pia. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Na kwamba kaunti inaweza kushughulikia chakula kwa kiwango kikubwa si nadharia: mpango wa Dishi na County, ambao mwanafunzi hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5, umeonyesha hivyo tangu mwaka 2023.

Ninachoomba, basi, ni njia moja iliyokamilika kabla ya kumi zilizoanzwa. Chukueni ile inayotoka makutano ya Donholm kwa Jogoo Road hadi City Stadium, iendelee kwa Landhies Road hadi Muthurwa, na iwe na tawi la Lunga Lunga Road kuelekea viwandani. Ni safari isiyofika kilomita 10, ambayo mtu wa kawaida huimaliza kwa nusu saa hivi au zaidi kidogo. Izibwe mianya yote kwenye mizunguko na vituo. Mwendo wa magari kwenye mitaa inayoingia humo uwe kilomita 30 kwa saa, kama nchi nyingi zilivyokubaliana katika Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kwa maeneo ambapo magari yanachanganyika na watu. Pawe na maegesho ya baiskeli yenye mlinzi masokoni na kwenye zahanati, kwa sababu mtu aliyeibiwa baiskeli mara moja harudi tena, na majengo mapya yasipate kibali bila mahali pa kufungia baiskeli na bafu la kuogea wafanyakazi. Mafundi wa baiskeli waliopo kandokando, wanaoziba panchari na kukaza spoki chini ya mti, wapewe vibanda rasmi humo humo, kwa kuwa bila wao njia itakuwa na watu wanaosukuma baiskeli. Kisha zahanati zilizo karibu zipime uzito, shinikizo la damu na sukari ya wanaotumia njia hiyo kwa hiari, mwanzoni na baada ya mwaka, ili msije mkaombwa kuamini maneno ya mwandishi wa barua.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka ufikishwe katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Naomba njia hii ionekane katika nyaraka zote mbili kwa jina lake na kwa kiasi chake cha fedha, isifichwe ndani ya fungu la matengenezo ya barabara. Aidha, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inatoa siku 21 za kujibu, naomba kuelezwa kwa maandishi ni asilimia ngapi ya bajeti ya barabara za kaunti iliyotumika kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli katika kila mwaka wa fedha tangu sera ya mwaka 2015 izinduliwe, na ni afisa yupi anayesimamia utekelezaji wake hivi sasa. Jibu likibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya wadi, wengi tutalisoma.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Donholm anayekwenda kazini kwa baiskeli